Udongo wa Shinkolobwe: Nani Asafishe Ardhi Yenye Mionzi?

Somo la Historia kwa Redio, kwa Madarasa ya Watu Wazima

Natumaini kila mmoja ana daftari na kalamu.

Kiongozi wa kikundi, tafadhali andika ubaoni maneno manne: URANI, RADIAMU, MIONZI, MAKAPI. Tutayaeleza moja moja, wala hakuna haja ya kuyaogopa.

Somo letu la leo ni historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya udongo. Swali letu ni hili: Mgodi au kiwanda cha madini yenye mionzi kikisha kufungwa, na wenyewe wakaenda zao, udongo uliobaki ni mzigo wa nani? Nani ausafishe, kwa kipimo gani, na kwa fedha za nani?

Swali hili si la watu wa mbali tu. Mtu akitoka Masasi akaifuata barabara ya magharibi, atapita Tunduru, kisha atafika Namtumbo. Katika wilaya hiyo ya Namtumbo, mahali paitwapo Mto Mkuju, kuna urani nyingi ardhini. Tutafika huko mwisho wa somo. Kwanza twende mbali kidogo, kwa ndugu zetu wa Katanga, ambao nao husema Kiswahili.

MIONZI NI NINI?

Mkulima wa korosho anapopuliza salfa, huiona ikitanda kama ukungu. Huinusa, na macho humwasha. Kwa hiyo anajua imefika wapi, na anajua kufunga kitambaa puani. Mionzi si hivyo. Haionekani, hainuki, haina ladha, wala haiwashi. Udongo wenye mionzi mingi na udongo usio nayo waweza kuwa na rangi moja, na muhogo ukaota kote kuwili.

Urani ni madini mazito. Chembe zake hazitulii: kila wakati chache kati yake hupasuka zenyewe na kutoa nguvu. Nguvu hiyo inayotoka ndiyo tunayoiita mionzi. Chembe ya urani ikipasuka hugeuka kuwa kitu kingine, nacho hupasuka kikawa kingine tena, mpaka mwisho wake ni risasi, ile risasi ya metali. Katikati ya safari hiyo ndefu hupatikana radiamu, na radiamu nayo huzaa hewa iitwayo radoni.

Tusitishane bure. Kila udongo duniani una urani kidogo, hata wa shamba lako. Mungu ndivyo alivyouumba. Tena mashine ya eksirei ya hospitali si kama udongo huu: mashine ikizimwa, mionzi imekwisha, kama taa inavyozimwa. Lakini radiamu haina swichi ya kuizimia. Ukiwa na kiasi chake leo, nusu yake itakuwapo baada ya miaka 1,600. Fikirini: miaka 1,600 iliyopita, misikiti na majumba ya mawe ya Kilwa yalikuwa bado hayajajengwa.

Hatari yake kubwa ni kuingia mwilini. Huingia kwa vumbi tunalovuta, kwa maji tunayokunywa, kwa chakula kilichoota mahali pabaya, na kwa hewa ya radoni inayojikusanya ndani ya nyumba. Mtu hataanguka siku hiyo hiyo. Lakini akikaa nayo miaka mingi, yaweza kumletea saratani, hasa ya mapafu.

MGODI WA SHINKOLOBWE

Sasa tuanze historia yenyewe. Shinkolobwe ni mahali karibu na mji wa Likasi, katika Katanga, nchi ya Kongo. Mwaka 1915 Mwingereza aitwaye Robert Rich Sharp aligundua hapo mawe yenye urani. Wakati huo Kongo ilitawaliwa na Wabelgiji, na madini ya Katanga yalikuwa mikononi mwa kampuni ya Union Minière du Haut Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906.

Kazi ya kuchimba ilianza mwaka 1921. Wakati ule hawakuitaka urani. Walitaka radiamu, kwa sababu madaktari waliitumia kutibu saratani, na viwanda vilipaka rangi yake kwenye saa ili zing'ae gizani. Katika tani 3 za urani hupatikana gramu 1 tu hivi ya radiamu. Ndiyo maana gramu hiyo moja iliuzwa kwa zaidi ya dola 100,000 za Kimarekani, na Wabelgiji walipoingia sokoni bei ikashuka hadi dola 70,000. Wachimbaji Waafrika waliyachambua mawe kwa mikono, yakatiwa magunia, yakapelekwa Ubelgiji katika kiwanda cha Olen. Urani yenyewe ilihesabiwa kuwa kitu kisicho na thamani kubwa.

Mgodi ulifungwa katika miaka ya 1930 kwa kuwa radiamu ilikuwa imepatikana ya kutosha, ukaachwa ukajaa maji. Halafu vikaja Vita Kuu vya Pili. Mkurugenzi wa kampuni, Edgar Sengier, aliona kwamba Wajerumani wangeweza kuyatwaa mawe yale. Basi mwaka 1940 akaamuru zaidi ya tani 1,000 zipelekwe New York, zikawekwa katika ghala kisiwani Staten Island. Tarehe 18 Septemba 1942 afisa wa jeshi la Marekani, Kenneth Nichols, akamwendea Sengier ofisini, na siku ile ile wakapatana kuuziana. Mgodi ukafunguliwa tena kwa siri, maji yakatolewa, na mawe yakaanza kutoka kwa wingi.

Mawe ya Shinkolobwe yalikuwa na utajiri usio wa kawaida. Mengi ya yale ya kwanza yalikuwa na urani zaidi ya nusu ya uzito wake, hali migodi mingine ilifurahia kupata sehemu moja katika mia. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Wamarekani kutengeneza mabomu yao ya kwanza ya atomiki ilitoka hapo. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu la urani liliangushwa Hiroshima, Japani. Watu wengi wanaijua Hiroshima. Wachache wanaijua Shinkolobwe.

Mwaka 1960 Kongo ilipata uhuru. Mwaka huo huo kampuni ilikwisha kuufunga mgodi, na midomo ya mashimo ikazibwa kwa zege. Hapo ndipo historia yetu inapogawanyika njia mbili. Njia moja ni ya udongo uliosafirishwa ng'ambo. Ya pili ni ya udongo uliobaki nyumbani.

UDONGO ULIOKWENDA MAREKANI

Mawe hayakufika Marekani kama yai ndani ya ganda. Yalipimwa, yakakaushwa, yakasagwa. Kila penye kusaga pana vumbi, na kila penye kutwanga pana makapi. Mnajua wenyewe: mama akitwanga mpunga hupata mchele, na pembeni hubaki makapi. Kiwanda cha urani nacho hutoa urani, na pembeni huacha makapi. Lakini makapi hayo yamebeba radiamu karibu yote iliyokuwamo ndani ya jiwe. Urani imeondoka, hatari imebaki.

Katika mji mdogo wa Middlesex, jimbo la New Jersey, kulifunguliwa mwaka 1943 kituo cha kupimia mawe yaliyotoka Kongo. Vumbi likaanguka kiwanjani. Mwaka 1948 kiwanja kilipotengenezwa, udongo uliozolewa ulipelekwa kwenye jaa la mji. Watu nao wakachukua kifusi kama watu wanavyochukua popote duniani, na kingine kikajazia kiwanja cha nyumba ya padre. Hawakuwa na kosa. Hakuna aliyewaambia, na udongo ulikuwa udongo tu machoni pao.

Mwaka 1960 watu wa ulinzi wa raia walikuwa na vipima mionzi vyao, vikaonyesha jambo lisilo la kawaida pale jaani. Serikali ikaondoa sehemu ya udongo, ikafunika iliyobaki kwa udongo safi. Mwaka 1967 kituo chenyewe kikaoshwa, kikatangazwa kuwa ni safi, kikapewa wengine wakitumie. Basi, mambo yamekwisha? Hapana. Kilikuwa safi kwa kipimo cha mwaka 1967. Vipimo vipya vilipowekwa, ikaonekana si safi hata kidogo.

Ikabidi kurudia. Katika miaka ya 1980 walichimba udongo wa nyumba za jirani na wa jaa, wakaurundika katika kiwanja cha kituo kama vilima viwili, jumla karibu meta za ujazo 50,000. Vilima hivyo vilikaa hapo mpaka miaka ya 1998 na 1999, vikapakiwa na kupelekwa mahali pa kuzikia. Udongo uliobaki chini ya kituo ulichimbwa baadaye, baada ya uamuzi wa mwaka 2005. Hesabuni wenyewe: kazi ya kupima mawe ilifanywa miaka 12, kutoka 1943 hadi 1955. Kazi ya kusafisha ilipita miaka 40.

Makapi mengine ya mawe ya Shinkolobwe yalipelekwa karibu na maporomoko ya Niagara, jimbo la New York, kuanzia mwaka 1949. Haya ndiyo yaliyokuwa na radiamu nyingi kuliko yote, nayo yakatiwa ndani ya mnara wa zege uliojengwa kwa kuwekea maji. Katika miaka ya 1980 yalifukiwa katika kaburi la udongo wa mfinyanzi lenye ukubwa wa eka 10 hivi. Kaburi hilo lilijengwa liwe la muda tu. Mwaka 2019 serikali iliamua kwamba yote yafukuliwe na kuhamishwa.

SHERIA ILIVYOKUJA

Wamarekani hawakuzaliwa na sheria hizi. Waliziandika baada ya kuumia. Katika mji wa Grand Junction, jimbo la Colorado, kulikuwa na kiwanda cha urani. Makapi yake yalifanana na mchanga mzuri, tena yalitolewa bure. Waashi wakayatumia chini ya sakafu na pembeni mwa misingi ya maelfu ya nyumba, na hata shule. Radoni ikapanda ndani ya vyumba. Mwaka 1972 Bunge la Marekani likatoa fedha za kuzirekebisha nyumba hizo.

Mwaka 1974 serikali ikaanzisha mpango wa kukagua viwanja vyote vya zamani vilivyofanya kazi ya bomu, kama kile cha Middlesex. Mwaka 1978 ikatungwa sheria kubwa ya makapi ya viwanda vya urani, na mwaka 1983 kikawekwa kipimo. Kiongozi wa kikundi, andika ubaoni namba mbili: 185 na 555.

Namba hizi zina maana gani? Chukua kilo moja ya udongo, uzito wa mfuko wa sukari. Hesabu chembe za radiamu zinazopasuka ndani yake kwa sekunde moja. Zikizidi zile za asili ya mahali pale kwa zaidi ya 185, udongo wa juu, yaani sentimeta 15 za kwanza, si safi. Kwa tabaka za chini zaidi kipimo ni 555. Wala hupimi kijiko kimoja ukamaliza. Unachukua eneo la meta 10 kwa meta 10, na kutafuta wastani wake.

Kwa nini udongo wa juu una kipimo kikali zaidi? Kwa sababu ndio tunaoulima, ndio unaotimka vumbi, na ndio watoto wanaouchezea.

Sheria ile iliagiza na jambo jingine. Kaburi la makapi lijengwe liweze kudumu miaka 1,000 kama inawezekana, na kwa vyovyote lisipungue miaka 200. Miaka 200 iliyopita Seyyid Said wa Oman alikuwa hajahamia Unguja. Ni serikali ngapi zimepita tangu hapo? Ndiyo maana kaburi hilo haliwezi kutegemea askari wa zamu peke yake. Lazima lijengwe lijilinde lenyewe.

UDONGO HUSAFISHWAJE?

Hapa, ndugu zangu, sikilizeni vizuri, maana neno kusafisha laweza kutudanganya. Nguo chafu hufuliwa, uchafu ukaondoka. Takataka huchomwa, zikawa majivu. Mionzi haifuliki wala haichomeki. Ukiichoma radiamu, utabaki na majivu yenye radiamu. Kwa hiyo kusafisha udongo ni kuutoa mahali ambapo watu wanaishi na kuupeleka mahali ambapo utalindwa.

Kazi huenda hivi. Kwanza wapimaji hukigawa kiwanja kwa kamba, miraba midogo midogo, nao hupita kila mraba na kipima mionzi. Huchukua udongo wa juu na wa chini ukapimwe maabara. Kisha wachimbaji huondoa tabaka baada ya tabaka, huku maji yakinyunyizwa ili vumbi lisiruke. Malori hufunikwa maturubai, na magurudumu huoshwa kabla ya kutoka. Halafu shimo hupimwa tena. Likiwa bado, wanachimba tena. Likiwa tayari, hujazwa udongo safi, na matokeo ya kila mraba huandikwa.

Mahali pa kuzikia huchaguliwa mbali na maji. Watu wa Newala wanalijua jambo la maji kuliko wengi, maana zamani akina mama waliteremka mabondeni na kupanda tena uwanda wa Makonde na mitungi kichwani. Maji yakiharibika, ni nani atakayepata mengine? Basi chini hutandikwa tabaka lisilopitisha maji, na juu makapi hufunikwa kwa mfinyanzi mzito. Mfinyanzi huo una kazi mbili. Huzuia mvua isiingie, na huichelewesha radoni isitoke. Radoni haina umri mrefu: nusu yake huisha kwa siku 4 kasoro. Ikicheleweshwa ndani ya mfinyanzi wiki chache, karibu yote huishia humo humo. Juu kabisa hupangwa mawe ili maji ya mvua yasichimbe korongo.

UDONGO ULIOBAKI NYUMBANI

Sasa turudi Shinkolobwe. Zege lilizibwa mwaka 1960. Lakini zege liliziba mashimo tu. Vilima vya mawe na makapi vilibaki juu ya ardhi. Hakukuwa na namba 185 wala 555 iliyowekwa kwa ajili yao.

Miaka ikapita. Kampuni kubwa ya madini ya Kongo ilipoanguka katika miaka ya 1990, watu wengi wa Katanga walikosa kazi. Bei ya kobalti ikapanda duniani, na mawe ya Shinkolobwe yana kobalti pia. Maelfu ya wachimbaji wadogo wakaenda na sururu na makoleo, wakajenga kijiji pale pale, wakachimba bila kofia wala buti, wakabeba mawe mgongoni. Walichotaka ni chakula cha jioni. Kobalti waliiona. Mionzi hawakuiona.

Mnamo Januari 2004 Rais wa Kongo alitoa amri kwamba mgodi ufungwe. Amri iliandikwa, lakini uchimbaji haukukoma. Mwezi Julai mwaka huo huo shimo likaporomoka, watu 8 wakafa. Baada ya hapo Umoja wa Mataifa ukatuma wataalamu. Walikuta kwamba hatari iliyo karibu zaidi ni mashimo kuporomoka, na kwamba mtu akikaa pale muda mrefu yumo katika hatari ya kupata mionzi kupita kiasi.

Linganisheni. Jiwe lilikuwa moja, lilitoka shimo moja. Vumbi lake lilipoanguka katika uwanja wa nyumba ya padre kule New Jersey, udongo ule ulipimwa, ukachimbwa, ukahamishwa, kwa fedha ya serikali. Vilima vyake vilipobaki Katanga, vilichimbwa na watu maskini kwa mikono yao. Udongo haukujua tofauti, na mionzi haikuchagua mtu. Tofauti ilikuwa sheria, pamoja na watu na fedha za kuitekeleza.

Msidhani jambo hili haliwezekani Afrika. Huko Gaboni, mahali paitwapo Mounana, kiwanda cha urani kilimwaga makapi yake katika bonde la mto kutoka mwaka 1961 hadi 1975, zaidi ya tani milioni 2. Mgodi ulipofikia mwisho, kazi ya kuyafunika na kurekebisha ardhi ilifanywa, nayo ikamalizika mwaka 2004, kwa msaada wa fedha kutoka Jumuiya ya Ulaya. Kazi iliwezekana. Lakini ilisubiri zaidi ya miaka 30 tangu makapi ya kwanza kumwagwa mtoni.

MAMBO MANNE YA KUKUMBUKA

Kutokana na historia hii tunaweza kutoa mafundisho manne. Yaandikeni.

La kwanza ni KIPIMO. Bila namba, neno safi halina maana. Middlesex ilitangazwa safi mwaka 1967, na haikuwa safi.

La pili ni MWENYE DHAMANA. Lazima ijulikane mapema ni nani atakayesafisha. Akisubiriwa mpaka mgodi ufungwe, kila mtu atamwonyesha mwenzake kidole.

La tatu ni FEDHA ZILIZOWEKWA KABLA. Mgodi ukiwa hai una pesa. Ukifa hauna. Fedha ya mazishi huwekwa mtu angali ana nguvu za kuitafuta.

La nne ni KUMBUKUMBU ILIYOANDIKWA. Udongo hausemi. Watu wa Middlesex walichukua kifusi kwa sababu hakukuwa na kibao wala karatasi ya kuwaonya. Hapa mnaona kwa nini kusoma ni kinga. Kibao cha hatari hakimsaidii asiyejua kukisoma.

SISI TANZANIA

Nchi yetu ilitunga sheria ya kujikinga na mionzi mwaka 1983, ikaundwa Tume ya Taifa ya Mionzi. Mwaka 2003 ikatungwa Sheria ya Nguvu za Atomiki, na Tume ikawa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Hiyo ndiyo yenye kazi ya kupima na kusimamia mambo ya mionzi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka athari za mradi mkubwa zichunguzwe kabla haujaanza. Sheria ya Madini ya mwaka 2010, pamoja na kanuni zake, inamtaka mwenye mgodi awe na mpango wa kuufunga na aweke dhamana ya kurekebisha ardhi.

Huko Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, urani iko ndani ya eneo lililokuwa sehemu ya Pori la Akiba la Selous. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ilikubali mpaka wa pori hilo ubadilishwe ili eneo la mgodi litoke nje. Mwaka 2013 leseni ya uchimbaji mkubwa ikatolewa. Lakini baada ya ajali ya Fukushima, Japani, mwaka 2011, bei ya urani ilikuwa imeshuka, na kazi ikachelewa. Mwaka 2025 kiwanda cha majaribio cha kuchakata urani kilizinduliwa huko.

Urani si uchawi, na mgodi si lazima uwe balaa. Urani huendesha mitambo ya umeme katika nchi nyingi, nayo huweza kuleta kazi na fedha. Lakini watu wa kusini tumekwisha kuona miradi mikubwa ikija na kuondoka. Mnamo mwaka 1947 ulianza mradi wa karanga, ukafika Nachingwea. Matrekta yaling'oa miti, reli ikajengwa kutoka pwani, na katika miaka ya 1960 reli hiyo ikang'olewa. Mradi wa karanga uliacha mashamba na vyuma chakavu. Mgodi wa urani huacha makapi ambayo hayaozi kwa muda wa maisha ya mtu, wala ya wajukuu wake.

Kwa hiyo wakati wa kuuliza si siku mgodi unapofungwa. Ni siku unapofunguliwa, na kila mwaka baada ya hapo. Raia anayo haki ya kuuliza diwani wake, mbunge wake, na maafisa wa serikali: Makapi yatawekwa wapi? Maji ya chini yamepimwa kabla ya kazi kuanza, ili baadaye tuwe na cha kulinganishia? Dhamana ni kiasi gani, na imewekwa wapi? Matokeo ya vipimo yatabandikwa wapi, na kwa lugha gani? Maswali hayo si uadui kwa maendeleo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na leo tumeona mji uliojenga ukuta huo kwa miaka zaidi ya 40.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini makapi ya kiwanda cha urani yana hatari hata baada ya urani kutolewa?

2. Kituo cha Middlesex kilitangazwa safi mwaka 1967. Kwa nini kilisafishwa tena?

3. Eleza kwa maneno yako kazi mbili za tabaka la mfinyanzi juu ya makapi.

4. Katika mambo manne tuliyoandika, ni lipi lililokosekana Shinkolobwe mwaka 1960? Je, ni moja tu?

5. Kazi ya kuandika: Kila mwanafunzi aandike barua fupi, sentensi tano, kwa diwani wake, akiuliza swali moja kuhusu mgodi, kiwanda au machimbo yaliyo karibu na kijiji chake. Barua hizo zisomwe darasani, na aliye tayari aipeleke.